Mabaki ya Majina

Kazi yangu ilikuwa kufungua na kufunga. Asubuhi nilifungua programu kabla mwalimu Kambere hajafika, na jioni niliifunga watu wa mwisho wakiisha kuondoka. Katikati ya hapo nilifagia, nilichota maji, na nilipanga watu kwenye foleni bila kuwatazama usoni.

Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya mbao katika kambi ya wakimbizi ya Kibati, kaskazini mwa Goma, juu mabati, chini mawe meusi ya volkano. Ilikuwa ofisi ya kuandika watoto waliopotea na watoto waliookotwa. Hizo zilikuwa orodha mbili. Mwaka ule wa elfu mbili na nane vita ilikuwa inashuka kwa barabara ya Rutshuru, na kila iliposhuka kidogo, orodha zote mbili zilirefuka.

Mwalimu Kambere alitoka Butembo, kama baba yangu. Programu aliiandika mwenyewe kwa miezi minne, kwenye kompyuta kuukuu aliyopewa na parokia, na aliiandika kwa Kiswahili ili hata mtu aliyeishia mwaka wa nne wa shule ya msingi aweze kuitumia. Huyo mtu alikuwa mimi.

Ukiifungua, kwanza kilitokea kidirisha kidogo chenye picha ya kuku na vifaranga, na chini yake mstari mweupe uliojaa rangi ya bluu polepole. Hapo hukutakiwa kugusa kitu. Siku za kwanza nilikosa subira, nikabonyeza tena na tena, na zikafunguka programu mbili, zikakwamishana. Mwalimu hakukasirika.

"Mashine ni kama mugeni mwenye ametoka kuamuka," alisema. "Umuache anawe uso kwanza."

Mstari ukijaa, programu ililinganisha orodha mbili: jina, miaka, nguo, kijiji. Mtoto wa orodha hii akifanana na mtoto wa orodha ile, mistari yao ilitokea pamoja, ubavu kwa ubavu, kwa rangi ya kijani. Kambi nzima iliijua hiyo rangi. Wamama walikuja asubuhi na mapema, wakasimama mlangoni, wakauliza neno moja tu: "Kuna kijani?"

Kufunga kulikuwa kazi zaidi. Mashine ilikuwa nzito. Kila jina likiingizwa kwenye orodha kubwa papo hapo, ilikwama dakika nzima na foleni ikangoja. Kwa hiyo mwalimu aliamua kwamba majina ya siku yakae kwanza pembeni, kisha yaingie yote wakati wa kufunga. Ulibonyeza msalaba wa juu pembeni, na dirisha halikufungika. Liliuliza: *Unaniaga?* Ukikubali, liliandika jina moja moja kwa kufuata alfabeti, na mwisho likasema: *Kwa heri, ulale vizuri.* Hapo ndipo ulipoweza kuzima.

Mara moja nilijikaza nikamuuliza: "Na mutu akiondoka bila kuaga?"

Alicheka mpaka akavua miwani. "Kwetu, Kasoki? Mutu atoke kwa watu bila kuaga? Hata mwizi wa Butembo anaagaka."

Na mimi nilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kitu akicheka.

Jumatano ile ya mwisho wa mwezi wa kumi, mwalimu alishuka Birere, sokoni mjini Goma, kutafuta petroli ya jenereta na karatasi. Fomu zilikuwa zimeisha tangu Jumatatu. "Andika moja kwa moja kwa mashine," aliniambia. "Unajua. Hauna haja yangu."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuandika peke yangu. Niliandika kwa kidole kimoja. Walikuja wamama waliookota watoto barabarani, na kila mmoja nilimuuliza: mtoto anaitwa nani, ana miaka mingapi, amevaa nini, wewe ni nani, unampeleka wapi. Walijibu, mimi nikatafuta herufi. Sikuinua kichwa. Ningekiinua ningeona wananitazama, na kidole kingepoteza herufi.

Mmoja wao namkumbuka kwa sababu alikuwa na cherehani kichwani, cherehani ya mkono isiyo na meza, imefungwa kwa kitenge. Hakuitua. Alikunja magoti kidogo tu ili sauti inifikie.

"Haraka, dada, shingo inavunjika."

Mtoto aliyemshika mkono alikuwa na miaka minne, Shakila, sweta nyekundu, kifungo cha juu hakipo. Niliandika jina la yule mama na mahali alipokuwa anakwenda. Kisha nikasema, "Mwingine."

Kufika saa tisa nilikuwa na watoto kumi na wanne. Ndipo milio ikaanza upande wa Kibumba, kwanza mbali, kisha si mbali. Foleni ilivunjika. Watu walipita mbele ya mlango na magodoro, na kuku, na askari walipita pamoja nao, wakikimbia upande uleule, na hilo ndilo lililotutisha kuliko milio.

Nilibonyeza msalaba. *Unaniaga?* Nilikubali. Programu ikaanza kuandika: Asifiwe. Byamungu. Dorcas.

Papa Ferdinand, mlinzi wa jenereta, aliingiza kichwa. Alikuwa tayari amesimamisha mlangoni chukudu lake, kigari cha mbao cha kusukumia mizigo.

"Kasoki! Bado unacheza? Tunabeba grupu!"

Kwetu, siku ya kukimbia, grupu, yaani jenereta, hutangulia kila kitu. Nyumba utaijenga tena kwa mbao, godoro utalalia majani, lakini jenereta ikibaki nyuma umeiaga milele. Papa Ferdinand alikuwa amekimbia vita tatu na hakuwahi kuacha jenereta hata moja. Lilikuwa jambo la heshima kwake.

"Papa, ngoja," nilisema.

Nilisema kama ninavyosema siku zote, sauti ikibaki kifuani. Nje watu walikuwa wanapiga kelele. Hakunisikia. Programu iliandika Elia. Iliandika Furaha. Nilisimama, nikasema tena "ngoja", na nilijua hata mimi mwenyewe sikuisikia. Jina la mwisho nililoliona lilikuwa Modeste. Jenereta ikanyamaza. Kisanduku cha betri chini ya meza kililia mara moja tu. Betri yake ilikufa tangu Pasaka. Skrini ikawa nyeusi, na ndani yake nikaona uso wangu.

"Umefunga?" aliuliza Papa Ferdinand akivuta jenereta.

"Ndiyo."

Skrini tuliiacha. Sanduku la mashine nililifunga mgongoni kwa kitenge, kama mtoto, nikaingia katika ule umati uliokuwa unashuka Goma. Mama mmoja aliyebeba mapacha alinitazama, akacheka kidogo bila furaha.

"Weye una bahati. Mutoto wako halii."

Baada ya siku tano tulifungua ofisi Mugunga, upande wa pili wa mji, chini ya turubai. Mwalimu Kambere aliposhika lile sanduku alilifuta vumbi kwa mkono wa shati.

"Uliaga?"

"Niliaga, mwalimu."

Aliita watu. "Muone huyu musichana! Mabomu yanaanguka, yeye anaaga mashine!" Akanipa Fanta mbele ya wote. Niliinywa. Ilikuwa tamu na sikuweza kuimaliza.

Kesho yake nilifungua. Kuku na vifaranga walitokea, lakini mstari wa bluu haukuanza. Lilitokea dirisha la njano nisilolijua: *Mara ya mwisho hukuniaga. Nina mabaki ya majina. Niyarudishe, au niyafute?* Vilikuwa vitufe viwili. Nilibonyeza cha kurudisha. Kikadai neno la siri la mwalimu.

Nje nilisikia viatu vyake kwenye mawe. Alikuwa anasalimia watu, akisimama kwa kila mmoja, kama kawaida yake. Ningengoja kidogo tu angeingia. Angeona lile dirisha la njano, na angejua kwamba nilisema uongo, na kwamba nilikunywa Fanta juu ya uongo. Nikajiambia kuwa mabaki ni mabaki tu, vipande vya majina vilivyokatika umeme ulipokatika, kama makombo ya mezani. Nikabonyeza *Futa*.

Mstari ukajaa bluu. *Habari za asubuhi, Kasoki.*

"Imefunguka vizuri?" aliuliza mwalimu, akiinama kuingia.

"Vizuri."

"Kijani?"

"Hakuna."

Alipotoka niliita orodha ya Jumatano. Kutoka Asifiwe mpaka Modeste walikuwa wanane. Sita hawakuwepo.

Siku hiyohiyo, kabla ya saa sita, alikuja mama mmoja mrefu, ushungi mweusi umejaa vumbi, viatu vya mwanaume miguuni. Aziza, mfanyabiashara wa vitenge wa Bunagana. Ukoo wake ulitoka Kasongo, Maniema, zamani za babu. Vita ilimkuta sokoni, mtoto wake yuko kwa shangazi Rutshuru. Alipofika Rutshuru, nyumba ilikuwa wazi na shangazi amelala uani, amekufa.

"Niliandikisha Kibati, Jumanne iliyopita," alisema. "Mwalimu mwenyewe aliandika. Mimi ni Mama Shakila."

Nilimtafuta katika orodha ya waliopotea. Alikuwepo. Shakila Jafari, miaka minne, sweta nyekundu.

"Kifungo cha juu hakiko," aliongeza. "Nilikikata mwenyewe nikakitia kwa shati ya baba yake, siku anazikwa. Nilisema nitanunua kingine."

Nilitazama viatu vyake.

"Kuna kijani?"

"Hapana, Mama Shakila."

Alirudi kesho yake, na kesho yake tena. Alikuwa anakuja wa kwanza, kabla jua halijatoka juu ya turubai, na alikuwa na mdomo wa sokoni. Aliwachekesha wamama wengine katika foleni hata walipokuwa hawataki kucheka. Mimi pia hakuniacha.

"Weye mutoto, kila siku unaongeleshaka viatu vyangu," alisema asubuhi moja. "Viatu viko hapa, havikupotea. Mwenye alipotea ni mutoto."

Foleni ilicheka. Nikasema, "Hapana, Mama Shakila, leo hakuna." Usiku nilijaribu kukumbuka jina la mama wa cherehani na mahali alipotaja. Niliona herufi tu, moja moja, jinsi zilivyokaa kwenye vitufe, na hazikutaka kushikana kuwa neno. Nikasema kesho nitamwambia mwalimu. Kesho ilikuja mara tisa.

Siku ya kumi mwalimu alisoma daftari la programu. Sikujua kwamba programu ina daftari. Kumbe iliandika kila kufunguliwa na kila kufungwa, na saa yake.

"Jumatano, kufunga hakukukamilika," alisoma kwa sauti. Akavua miwani. "Jumanne iliyofuata, saa moja na nusu asubuhi, mabaki yamefutwa." Akageuka. Papa Ferdinand ndiye aliyelala ofisini kulinda, na alikuwa mlangoni anapasha jenereta. "Papa Ferdinand, uligusa mashine?"

"Mimi? Mimi najua kamba ya grupu tu. Mashine yako hata inisalimie, sitajua kuitika."

"Si mchezo, muzee. Ni nani basi? Jini?"

"Usinitafutie makosa, mwalimu. Nimekimbia na grupu yako kwa hii mikono."

"Usiponiambia ukweli utaondoka leo."

"Ni mimi," nilisema.

Hawakusikia. Waliendelea kubishana. Mlangoni, nyuma ya Papa Ferdinand, Aziza alikuwa amefika na alikuwa anangoja zamu ya kuuliza swali lake.

"Ni mimi!" Sauti ilitoka kubwa na mbaya, kama si yangu. "Grupu ilizimika sijamaliza kuaga. Mabaki nilifuta mimi."

Mwalimu alikaa kwenye jerikani. Aliposema, alisema polepole, na afadhali angenipiga.

"Ungeniita tu, Kasoki. Hayakuwa vipande. Yalikuwa majina yote kumi na manne, mazima, na kila mutoto yuko kwa nani. Yalikuwa yananingoja niandike neno moja." Akafikicha macho. "Na kosa la kwanza ni langu. Ni mimi nilisema watu wote wanaagaka."

Kisha akauliza ni watoto gani. Sikumtazama yeye. Niliinua kichwa nikamtazama Aziza usoni, mara ya kwanza. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani.

"Mmoja ni Shakila. Sweta nyekundu. Kifungo cha juu hakiko."

Aziza hakupiga kelele. Aliingia ndani, akamsogeza Papa Ferdinand kwa mkono kama pazia.

"Unajua tangu siku gani?"

"Tangu siku ya kwanza ulikuja."

"Na kila asubuhi ulinijibu hapana."

"Ndiyo, Mama."

"Alikuwa muzima?"

"Alikuwa amesimama. Alishikwa mukono."

"Alikuwa analia?"

Hilo ndilo swali ambalo bado nalisikia. "Sijui, Mama. Sikumutazama. Nilikuwa natazama herufi."

Alinitazama miguu. Kisha akasema, "Vaa viatu."

Tulikwenda kwa miguu. Nilichokuwa nacho ni cherehani tu: mama mwenye cherehani ya mkono, imefungwa kwa kitenge. Aziza alikataa kuuliza. "Uliza weye," alisema. "Una mudomo sasa." Niliuliza Mugunga, hema kwa hema. Niliuliza Keshero, kwa wauza makaa na kwa mafundi wa viatu. Niliuliza mpaka koo likakauka, na yeye alinifuata nyuma hatua tatu, kimya, yule aliyekuwa anachekesha foleni.

Saa kumi tulifika Ndosho, kwenye shule moja ambapo wakimbizi walikuwa wanalala madarasani. Mama aliyekuwa anaosha sufuria alisimama niliposema cherehani.

"Mama cherehani? Alikuwa hapa, darasa la tatu. Hii zipu ya jupe ni yeye alinitilia." Alituonyesha zipu ya sketi yake. "Alikuwa na watoto watatu, na wa ine wa kuokota, kadogo ka sweta nyekundu."

Aziza alishika ukuta. "Kanaitwa nani?"

"Sisi tulikuwa tunakaita Bunagana. Kwa sababu kila mutu akikauliza mama yako iko wapi, kanasema Bunagana, Bunagana, kama konda wa gari."

"Wako wapi sasa?"

"Jumapili walipanda kamyo ya mizigo. Alisema anarudi kwao Masisi, heri kufia kwa shamba kuliko kulala kwa sementi."

Tulikuwa Alhamisi. Nilihesabu kwa vidole, ndani ya mfuko: kama ningesema siku ya kwanza, walikuwa hapa. Siku ya pili, walikuwa hapa. Hata Jumamosi walikuwa hapa.

"Na barabara?" niliuliza, kwa kuwa Aziza hakuuliza.

"Tangu jana magari haipiti Sake, kwa njia ya Masisi. Wanapigana kwa mulima." Yule mama alitutazama mmoja mmoja, akaelewa kitu, akashusha sauti. "Ile kamyo ya Jumapili sijui kama ilifika. Wamoja wanasema ilifika. Wengine wanasema iliungua."

Aziza aliinama akakaza kamba za vile viatu vya mwanaume, kwanza cha kulia, kisha cha kushoto.

"Nitakusindikiza, Mama," nilisema.

"Hapana. Weye rudi ufungue mashine yako."

Akatoka uani, akashika barabara ya Sake, kinyume cha watu wote waliokuwa wanakuja. Sikumsikia akiaga, wala hakugeuka. Nilisimama mpaka ushungi wake ukachanganyika na mizigo ya wengine.

Mwalimu Kambere hakunifukuza. Sijui kwa nini. Alilala ofisini siku mbili akibadilisha programu, na sasa kila jina linaingia kwenye orodha kubwa papo hapo. Mashine inakwama dakika nzima, foleni inangoja, watu wananung'unika, na tunawaacha wanung'unike. Ukibonyeza msalaba, dirisha linafungika hapohapo. Haliulizi kitu tena.

Kabla sijafunga siku ile ya kwanza ya programu mpya, niliandika katika orodha ya waliookotwa, peke yangu, kwa kidole kimoja: Shakila Jafari, miaka minne, sweta nyekundu, kifungo cha juu hakipo. Mahali pa aliyemchukua niliandika: mshonaji, jina silijui. Mahali alipo niliandika: Masisi, labda.

Kesho yake nilifungua. Kuku na vifaranga, mstari ukajaa bluu. Halafu mistari miwili ikatokea ubavu kwa ubavu, jina na jina, sweta na sweta. Ilikuwa kijani yetu ya kwanza tangu tuhame Kibati.

Noeli imepita. Kijani haitoki mpaka mzazi aje kutia alama ya kidole, kwa hiyo iko pale kila asubuhi, juu ya orodha. Wamama wanakuja kabla ya jua, wananiuliza, na mimi nawatazama usoni wote, ni lazima.

"Kuna kijani?"

"Iko moja."

"Ya nani?"

"Ya Mama Shakila."

Nao wanageuka, kila mara, wanatazama barabara ya Sake, kisha wananirudia. Na mimi nasema, "Mwingine."